Mtu akiumia kwenye depo ya kooperative: nani anajibu?



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mbegu, ugonjwa wa mosaiki ya muhogo, mnyauko wa migomba, ao namna ya kukausha kahawa. Leo tunaacha shamba kidogo na kuingia ndani ya depo. Hatutaangalia magunia. Tutaangalia ngazi, sakafu, ukuta na shimo. Maswali ya somo letu ni mawili. Mtu akiumia juu ya fasi ya kooperative isiyotunzwa, nani anapaswa kujibu na kulipa? Na yule aliyeumia afanye nini ili haki yake isipotee?

Sisi ni maagronomu, hatuko maavoka. Somo hili halichukui nafasi ya mtu wa sheria. Lakini tumeona kwamba kooperative nyingi zinajifunza mambo haya siku mtu amekwisha kulazwa hospitali, na siku hiyo ni kuchelewa.

1. Jambo lililotokea

Ilikuwa mwezi wa nne, wakati wa kuvuna kahawa, katika kooperative moja kando ya ziwa Kivu. Hatutaji jina lake, maana jambo hili lingeweza kutokea kwenu pia. Depo yao imejengwa juu ya nguzo na sakafu yake ni ya mbao, ili unyevu wa udongo usipande ndani ya kahawa. Sisi wenyewe ndio tulishauri ijengwe hivyo. Kuingia ndani, unapanda ngazi ya mbao yenye vipandio vitano.

Kipandio cha tatu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Wanaofika pale kila siku walikuwa wanakijua, na walikuwa wanakiruka. Mama mmoja, mwanamemba wa siku nyingi aliyezoea kumtuma kijana wake, siku ile alikuja mwenyewe. Gunia lilikuwa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alipokanyaga kipandio cha tatu, kikavunjika. Akaanguka, na gunia likamwangukia. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Vijana walimbeba kwa tipoyi mpaka santre ya afya, na kutoka pale akapelekwa hospitali kubwa. Kesie alitoa makuta ya safari na ya dawa ya kwanza. Jioni komite ikakutana. Maneno yaliyosemwa tuliyasikia kwa masikio yetu: « Ile ni ajali tu, Mungu ndiye anajua. Makuta ya kwanza tulishatoa, basi mambo imekwisha. » Mwingine akaongeza: « Na yeye, juu ya nini hakuangalia fasi anakanyaga? »

Mambo hayakuisha. Mama alipona kiasi cha kurudi nyumbani, lakini faktire ilikuwa haijalipwa, na hospitali haikumwachia kutoka. Alikaa pale wiki mbili zaidi, akilala kwenye kitanda ambacho kila siku kilimwongezea deni. Kwa jumla alikaa zaidi ya miezi mitatu bila kushika jembe. Maharage yake ya msimu B yalisongwa na majani. Binti yake aliacha shule ili kuchota maji na kupikia wadogo wake. Wamama wengine walipoona hivyo, wakaanza kuuza kahawa yao kwa wanunuzi wa barabarani. Walikuwa wanasema: « Kooperative inajua kilo zetu, miguu yetu haiijui. » Mambo yalipofika hapo, komite ikatuita.

Na sisi pia tuna jambo la kukiri. Wiki mbili mbele ya ile ajali tulipanda ngazi ileile, mashini ya kupima unyevu mkononi. Tulipima kahawa, tukaandika rapo nzuri. Kipandio cha tatu tulikiona, na sisi tukakiruka kama wengine. Katika rapo yetu hakuna hata neno moja juu yake. Ndiyo maana tunaandika leo.

2. Ni bahati mbaya ao ni uzembe?

Watu wengi wanatumia neno moja, « ajali », kwa mambo mawili yaliyo mbali. Radi ikipiga mtu uwanjani, hakuna aliyeweza kuizuia. Kipandio kilichooza mwaka mzima ni jambo lingine. Ili kutofautisha, jiulizeni maswali matatu:

– Hatari ile ilijulikana, ao ingeonekana kama mtu angeangalia vizuri?
– Kulikuwa na wakati wa kuitengeneza, ao hata wa kuifunga kwa kamba tu?
– Kulikuwa na mtu ao kundi lenye kazi ya kutunza fasi ile?

Kama jibu ni ndiyo mara tatu, msiseme tena « Mungu ndiye anajua ». Mungu anajua, ndiyo, lakini na komite ilikuwa inajua.

3. Sheria ya inchi yetu inasema nini

Sheria inayosimamia mambo haya ni ya zamani sana. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoandikwa wakati inchi ilikuwa ya mfalme Leopold II. Watu wa sheria wanaiita Code civil livre III. Imepita miaka mingi, serikali zimebadilika, lakini mbele ya tribinali zetu ingali inatumika. Kwa somo letu tukumbuke artikle tano, kutoka ya 258 mpaka ya 262. Tutazieleza kwa maneno ya kawaida.

Artikle 258: mtu akileta hasara kwa mwenzake kwa kosa lake, anapaswa kuitengeneza hasara ile.

Artikle 259: si lazima awe amefanya kwa kusudi. Hata kama ameleta hasara kwa uzembe ao kwa kukosa uangalifu, anajibu. Kuacha kutengeneza ngazi ni uzembe. Mtu anayesema « mimi sikufanya kitu » huenda anajishitaki mwenyewe, maana kosa lake ni hilo la kutofanya kitu.

Artikle 260: mtu anajibu pia kwa ajili ya watu walio chini ya mamlaka yake na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Mzazi anajibu kwa mtoto mdogo, mwenye kazi anajibu kwa mfanyakazi wake akiwa kazini. Na anayelinda kitu, kama vile mashini ya kusaga, tangi la maji, ngazi ao mkokoteni, anajibu kitu kile kikileta hasara. Hapa kuna faida kubwa kwa aliyeumia. Tribinali inahesabu kwamba mwenye kulinda kitu ndiye wa kujibu, mpaka yeye aonyeshe kwamba hasara ilitoka kwingine.

Artikle 261: mwenye mnyama, ao anayemtumia, anajibu kwa hasara ya mnyama yule, hata kama alikuwa amekata kamba na kukimbia. Kooperative yenye ng'ombe dume wa mbegu isome artikle hii mara mbili.

Artikle 262: mwenye nyumba anajibu nyumba ikibomoka na kuumiza mtu, kama ilibomoka juu ya kukosa kutunzwa ao juu ya kujengwa vibaya.

Ni nani analindwa na artikle hizi? Kila mtu. Sheria haiulizi kama aliyeumia amelipa mchango wake wa mwaka. Mnunuzi, mgeni, mtoto anayepita, wote ni watu wanaoweza kudai.

Aliyeumia anapaswa kuonyesha nini? Kwanza hasara, yaani amepoteza nini. Pili, kitu ao kosa lililoleta hasara. Tatu, kamba inayounganisha mambo hayo mawili, yaani kwamba mguu ulivunjika juu ya kipandio kile, haukuvunjika nyumbani juzi.

Na kooperative inaweza kujitetea namna gani? Inaweza kuonyesha nguvu isiyozuilika, kwa mfano tetemeko kama lile la tarehe 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba Bukavu na pembeni yake. Lakini kama ukuta ulikuwa na mipasuko tangu mwaka uliopita, tetemeko dogo halitawaokoa. Inaweza pia kuonyesha kwamba mtu mwingine ndiye alileta hasara, ao kwamba aliyeumia naye alikosa. Aliyepanda ngazi iliyofungwa kwa miti na kamba, akaambiwa « usipande », naye akapanda, anaweza kupunguziwa malipo ao kuyakosa. Lakini mama wa hadithi yetu hakuambiwa kitu. Wenzake waliruka kipandio bila kusema, naye alitumia ngazi kwa kazi ambayo ngazi ilifanyiwa.

4. Anashitakiwa prezida, kooperative, ao mwenye nyumba?

Swali hili linaleta ugomvi mwingi. Tuliwahi kuona watu wenye hasira wakienda kuchukua mbuzi za prezida. Hiyo si haki.

Kooperative iliyoandikishwa kufwatana na sheria ya OHADA ni mtu mbele ya sheria. Sheria hiyo ya kooperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na Kongo yetu iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012. Kooperative ya namna hiyo ina jina lake, mali yake, na madeni yake. Mtu akiumia kwenye depo yake, anadai kwa kooperative, na prezida anaitwa kama msemaji wake tu. Mbuzi zake zinabaki nyumbani, isipokuwa kama yeye mwenyewe ana kosa lake la pekee.

Kama kikundi hakijaandikishwa, ukuta huo haupo. Wale wanaoongoza na kutumia fasi ile wanaweza kufwatwa wao wenyewe. Hii ni sababu moja zaidi ya kumaliza karatasi zenu. Na wanamemba wasome statuts zao: ndani yake ndiyo kunaonyeshwa kila mmoja anajibu mpaka wapi kwa madeni ya kooperative.

Depo ikiwa ya kupanga, angalieni hivi. Ukuta ao paa likianguka, mwenye nyumba anaweza kuitwa kwa artikle 262. Lakini vitu vilivyo mkononi mwenu, kama ngazi yenu, magunia mliyopanga na mashini yenu, ninyi ndio walinzi wake. Aliyeumia anaweza kuwaita wote wawili, na hakimu agawanye. Kwa hiyo, mnapopanga nyumba, andikeni katika mkataba nani anatengeneza paa, nani ngazi, nani mlango. Na mkiona ukuta unapasuka, mwandikieni mwenye nyumba barua, mkibaki na kopi.

5. Kama aliyeumia ni mfanyakazi

Mlinzi wa depo, anayeendesha mashini ya kusaga, kijana anayelipwa kupima kilo: hawa wakiumia kazini, kuna njia nyingine tena. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwenye kazi kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Na mfanyakazi anapaswa kuandikishwa katika CNSS, ile iliyokuwa inaitwa INSS, ambayo inashughulikia ajali za kazi. Kooperative isiyomwandikisha mfanyakazi wake inajiwekea mzigo wote kichwani siku mkanda wa mashini utakapomkata vidole. Msiseme haraka « huyu ni wa siku tu, hayuko mfanyakazi ». Ulizeni inspekta wa kazi.

6. Ukiumia, ao ndugu yako akiumia: mambo ya kufanya

Haki nyingi zinapotea katika siku tatu za kwanza, mara nyingi juu ya ushuhuda uliotupwa. Tunashauri hivi:

– Kwanza uzima. Mpelekeni mgonjwa, mengine baadaye. Msimnyoshe mguu uliovunjika ninyi wenyewe. Fungeni ubao pembeni, msafirishe.
– Siku ileile, pigeni picha ya fasi kwa telefone, kabla haijatengenezwa. Kwa upande wetu, yule mama aliokolewa na kijana mmoja aliyepiga picha ya kipandio, mchwa unaonekana ndani ya ubao.
– Wekeni kitu chenyewe kama mnaweza: ubao uliovunjika, kipande cha kamba, bolti.
– Andikeni majina ya walioona, na wapi wanakaa. Baada ya miezi sita, mmoja amehama na mwingine amesahau.
– Mwambieni chefu wa kijiji, na kama mtu ameumia sana ao amekufa, polisi, ili karatasi iandikwe yenye tarehe.
– Chungeni kila karatasi ya hospitali: faktire, ordonansi, radiografi, na barua ya munganga inayoonyesha ameumia nini na atapumzika siku ngapi. Hata safari ya pikipiki, ombeni karatasi ndogo.
– Andikia komite barua, si maneno ya mdomo tu. Semeni kilichotokea, tarehe, na mnaomba nini. Apokee katibu, atie sahihi kwenye kopi yenu.

Komite nayo ina kazi siku hiyo. Ifunge fasi ya hatari mara moja, ipige picha nayo, iandike katika kaye yake, na iende kumwona mgonjwa. Kumtembelea mgonjwa si kukubali kosa. Ni utu, na mara nyingi ndiko kunazuia kesi.

7. Kuhesabu hasara

Watu wengi wanadai dawa tu, halafu wanajuta. Hasara ni kubwa kuliko dawa. Tuchukue mfano, hesabu hizi ni za kujifunza tu, kila mmoja aweke zake.

Hospitali na dawa: dola 180.
Safari za mgonjwa na mlinzi wake: dola 30.
Vibarua waliolima badala yake, siku 60 kwa dola moja na nusu: dola 90.
Maharage yaliyopotea, kilo 100 kwa senti 80 za dola: dola 80.
Jumla: dola 380.

Juu ya hiyo kuna maumivu, na kuna mguu ambao pengine hautarudi kubeba gunia kama zamani. Hayo hayana risiti, lakini hakimu anaweza kuyapima na kuyaongeza. Sasa linganisheni. Ubao mmoja, misumari, na nusu siku ya fundi: hata dola 10 hazifiki.

8. Mapatano ao tribinali?

Kupatana ni kuzuri. Tuna desturi ya kukaa chini mbele ya wazee, na hasara ya namna hii inaweza kumalizwa kwa mapatano. Lakini kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kupatana kwa mdomo. Chupa za kasiksi zinakunywewa, watu wanapeana mikono, na mwaka unaofwata kila mmoja anakumbuka yake. Andikeni: nani na nani, nini kilitokea, nani atalipa kiasi gani, kwa tarehe zipi, na nini kitafanyika mgonjwa akirudishwa hospitali. Pande zote zitie sahihi ao kidole, pamoja na mashahidi. Kila upande ubaki na karatasi yake.

Mtego wa pili ni kutia sahihi « sidai kitu tena » wakati mfupa haujaunga. Kubali malipo ya sehemu, lakini ngoja munganga aseme umepona mpaka wapi kabla ya kufunga mambo.

Mtego wa tatu ni kufikiri kwamba wazee wanaweza kufuta kila kitu. Mtu akiumia sana ao akifa kwa sababu mwingine hakuwa na tahadhari, sheria ya makosa inaliona kuwa kosa, hata bila kusudi. Ni artikle 52 na zinazoifwata katika Code pénal. Hapo parke inaweza kuingia, na mapatano ya kijijini hayaifungi mikono.

Kama mapatano yameshindikana, kesi inapelekwa Tribunal de paix ao Tribunal de grande instance, kwa kufwata ukubwa wa kinachodaiwa. Kama kuna kesi ya makosa tayari, aliyeumia anaweza kudai malipo yake ndani ya kesi ileile. Asiye na uwezo aombe kwa wakubwa wa eneo lake karatasi ya umaskini, attestation d'indigence, ili apunguziwe ao aondolewe gharama za tribinali. Tena, Barreau ya maavoka ina ofisi ya kutoa mashauri bila malipo. Mkiwa na bahati ya kufika mjini, pitieni kwanza pale kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita mjuzi wa kesi.

Code civil inaacha muda mrefu wa kudai, mpaka miaka 30 kwa kawaida. Lakini msilale juu ya hiyo. Kesi ya makosa ina muda mfupi zaidi, na mashahidi hawangoji miaka 30.

9. Kutembea depo na macho mapya

Dawa bora ni mtu asiumie. Tunashauri kila kooperative ichague watu wawili, na mmoja wao awe mama, kwa sababu wamama ndio wanabeba mizigo na wanajua fasi gani miguu inateleza. Mara moja kila miezi mitatu, na kila mara kabla ya mavuno, wazunguke fasi zote na kaye mkononi. Waangalie:

– Ngazi na sakafu. Gonga kila ubao kwa nyundo. Ubao ulioliwa na mchwa unalia kama kitu kitupu. Toa na weka mwingine siku ileile. Weka mti wa kushikilia pembeni ya ngazi.
– Magunia. Panga kwa kufungana, safu moja hivi na nyingine vile, kama matofali. Acha njia ya karibu metre moja kati ya magunia na ukuta. Njia hiyo tunawafundisha kila mara juu ya unyevu na panya; inasaidia pia mtu kukimbia rundo likianza kuanguka.
– Mashimo. Shimo la maji machafu ya kahawa, shimo la mbolea, choo cha zamani, kisima. Kamba peke yake haimzuii mtoto. Weka uzio wa miti ao mfuniko mzito. Mtoto akiingia shimoni, hakuna hakimu atakayekubali neno « angeangalia ».
– Mashini. Mkanda na magurudumu vifunikwe kwa chuma ao wavu. Anayeendesha asivae kitambaa kinachoning'inia. Watoto wasikaribie.
– Dawa za shambani. Ziwe ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula, katika chupa zake zenye maandishi. Kamwe isiwe ndani ya chupa ya fanta.
– Paa na ukuta. Mpasuko ukionekana, weka alama ya kalamu na tarehe kwenye mwisho wake. Ukiona umepita alama, ondoeni watu, itisheni fundi.

Kila hatari iandikwe kwa mistari mitatu: ni nini, nani atatengeneza, mpaka tarehe gani. Halafu ziara inayofwata ianze kwa kusoma ukurasa uliopita. Kaye hii inalinda watu kwanza. Na siku ya kesi inalinda hata kooperative, kwa sababu inaonyesha kwamba mlikuwa mnaangalia. Lakini kumbukeni: kaye iliyoandika « kipandio kimeoza » mara nne bila mtu kukitengeneza itakuwa shahidi dhidi yenu.

Tunashauri pia mkutano mkuu ukubali kutenga kiasi kidogo kila msimu kwa kutengeneza fasi na kusaidia atakayeumia. Kidogo kinachotoka kwa kilo za kila mmoja hakiumizi mtu. Deni la ghafula ndilo linavunja kooperative.

10. Mwisho wa hadithi

Yule mama hakufika tribinalini. Picha ya yule kijana iliwekwa mezani mbele ya komite na wazee, na sisi tulisimama tukasema kwamba tulikiona kipandio na hatukusema. Baada ya hapo hakuna aliyerudia kwamba ni bahati mbaya. Mapatano yaliandikwa: kooperative ilichukua faktire ya hospitali, ikakubali kulipa vibarua na mazao yaliyopotea kwa sehemu tatu, kila mauzo ya kahawa sehemu moja. Mambo ya mguu yaliachwa wazi mpaka munganga aseme. Binti alirudi shule, lakini alikuwa amepoteza mwaka.

Mama anachechemea mpaka leo. Malipo hayakumrudishia mguu. Tulipomuuliza kama tunaweza kuandika habari yake bila jina, alijibu: « Andikeni. Lakini muanze na ngazi, musianze na mimi. » Tunamwomba msamaha kwamba tumeanza na yeye. Ninyi, mkimaliza kusoma, anzeni na ngazi.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa kooperative

1. Katika depo yetu, ni fasi gani kila mtu anaijua na anairuka bila kusema?
2. Kooperative yetu imeandikishwa? Karatasi ziko wapi, na statuts zinasema nini juu ya madeni?
3. Depo ni yetu ao ni ya kupanga? Mkataba unasema nani anatengeneza nini?
4. Wafanyakazi wetu wako katika CNSS?
5. Nani wawili tunawachagua leo kutembea na kaye, na ziara ya kwanza ni tarehe gani?

Msiache mkutano uishe bila kujibu swali la tano. Tunawatakia kazi njema na mavuno mema.